Mtihani wa Chai

Tulimzika kaka yangu Njoroge mwezi uliopita, huko kwetu Molo, kando ya mama yetu. Mvua ilianza asubuhi na udongo ulikuwa mzito, vijana wakabadilishana sepetu mara tatu kabla ya kaburi kujaa. Sikulia. Najua watu walinitazama wakingoja nilie, kwa sababu nimeishi naye nyumbani kwangu Elburgon miaka ishirini, nikimfunga vifungo, nikimkata kucha, nikimtoa jikoni kila alipoingia, na mtu wa namna hiyo hutarajiwa kuanguka chini na kushikwa na akina mama wawili. Mimi nilisimama tu nikitazama viatu vya watu vikizama matopeni. Nina miaka arobaini na tano na nimechoka na watu wanaokuja kunipima machozi.

Baada ya chakula, watu wakianza kutafuta magari ya kurudi, mama mmoja mzee alinijia akitembelea fimbo, sweta lake la buluu limelowa mabegani. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Madam Nekesa, aliyemfundisha Njoroge upya kuvaa, kula na kupika, mwaka ule tuliokaa Nakuru kwenye nyumba ya walioumia vichwa. "Wambui," akasema, "umezeeka." Nikamjibu, "Na wewe je, Madam?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kuna kitu nataka nikuambie kabla na mimi nibebwe hivi. Lakini sio hapa kwa watu. Hakuna chai?" Nikampeleka kwenye jiko la zamani la mama, lile la mbao lililo mbali kidogo na nyumba, nikamwekea kigoda. Mlango wa jiko hilo unatazama uani, na uani bado vimesimama vile vigingi viwili na waya wa kuanikia nguo. Mimi nilikaa nikiupa mlango mgongo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Njoroge alikuwa na ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kupakia viazi kwenye malori hapa Molo. Alikuwa hodari sana, wenye malori wakimtafuta kwa jina, kwa sababu magunia aliyopanga yeye hayakuegemea upande mpaka yafike Nairobi. Mpakiaji huwa juu, haoni mzigo umefika wapi, kwa hiyo dereva husimama chini na kupiga kelele, "Imetosha!" Hapo ndipo mpakiaji huacha na kufunga kamba. Siku ile dereva alikuwa ameingia hotelini kunywa supu. Njoroge akaendelea kupanga, gunia juu ya gunia, mpaka mzigo ukateleza ukamwangusha, akatua kwa kichwa. Alikaa hospitalini muda mrefu bila kujua watu, na alipoamka alikuwa anatembea, anaongea, anatujua sote kwa majina. Tulimshukuru Mungu mapema sana. Alikuwa amepotewa na kitu kimoja ambacho hatukujua kama mtu anaweza kupotewa nacho: hakujua tena jambo limeisha lini. Akinawa, alinawa mpaka umfunge bomba. Akila, alikula mpaka umwondolee sahani. Na katikati ya kila kitu alikuwa akikutazama na kuuliza, "Imetosha?"

Ndipo hospitali ikatuelekeza kwenye nyumba ile ya Nakuru, upande unaopanda kuelekea Menengai. Masharti yao yalikuwa kwamba kila mgonjwa aje na mtu mmoja wa nyumbani, akae naye, ajifunze namna ya kumtunza. Mama akaniambia, "Wambui, wewe ndio umesoma. Enda ukae na yeye. Mimi nikienda, hii ng'ombe itakamuliwa na nani?" Nilikuwa na barua yangu ya kuitwa chuo cha ualimu, iko kwenye Biblia, na nilikuwa nimeshanunua vitu vilivyoandikwa kwenye orodha: ndoo, blanketi, shuka mbili, na beseni moja kubwa la manjano. Nikaandika kuomba wanisubiri. Wakajibu kwamba watanisubiri mwaka mmoja tu, nafasi haiwekwi zaidi ya hapo. Nikalichukua beseni langu la manjano nikaenda nalo Nakuru.

Nyumba ile nikifumba macho hata leo naiona. Ilikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka ua wa simiti, na milango ilipakwa rangi ili watu wasipotee: choo kijani, chumba cha kulia njano, jikoni nyekundu kwa sababu ya moto. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, likaingia kwenye uji. Tulikunywa uji saa moja, tukala githeri mchana, ugali na kabichi jioni, na kila mlo ulichukua saa nzima kwa sababu kulikuwa na watu wa kukumbushwa kutafuna. Alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu aliyegongwa na pikipiki, sisi tukimwita Mwalimu tu, ambaye kila asubuhi alisimama mlangoni akaita majina ya wanafunzi wake wa zamani, na sisi jamaa za wagonjwa tukaitika, "Niko!" kwa zamu, ili atulie aje kunywa uji. Mimi nilikuwa Peter na pia Alice. Mwanzoni nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Miezi ikapita, na siku moja nikajikuta naitika huku nalia, sijui kwa nini hasa, labda kwa sababu Peter na Alice walikuwa wameendelea na maisha yao na mimi niko pale.

Nyuma ya chumba cha kufulia kulikuwa na mlango usiopakwa rangi yoyote. Huko walilazwa wale ambao hawakutarajiwa kurudi kwao. Walioshwa, walilishwa, hawakupigwa, siwezi kusema uongo. Lakini hakuna aliyewafundisha kitu, na jamaa zao walikuwa wameruhusiwa kuondoka, na wengi waliondoka kweli. Nilipita pale kila siku na beseni la nguo na kila siku nilitembea haraka.

Njia ya kutoka katika nyumba ile ilikuwa chai. Madam Nekesa hakuamini vipimo vya karatasi. Alisema mtu anayeweza kupika chai ya watu wanne peke yake, kuanzia kuwasha gesi mpaka kuizima, anaweza kuachwa nyumbani, na asiyeweza hawezi. Mtihani ulikuwa Ijumaa saa nne. Mgonjwa aliingia jikoni na Madam akakaa kwenye kona na daftari lake. Hakuna kusema neno, hakuna kusaidia. Sisi jamaa tulitolewa nje, kwa sababu Madam alikuwa anatujua. "Nyinyi watu," alituambia, "mgonjwa akishika kikombe, nyinyi mnakimbia kumshikia sahani. Mnafikiria ni mapenzi. Mnamuibia." Na ni kweli tulikuwa hivyo. Kwetu mwanamume akiwa mgonjwa, dada yake akae akimtazama anahangaika na sufuria, hiyo si aibu ndogo.

Njoroge alianguka mtihani huo mara tatu. Alijua kila hatua, hilo ndilo lililoniuma. Alipima maji, akamimina maziwa, akachagua majani mazuri. Halafu chai ikachemka, akaikoroga, ikafurika, akaendelea kukoroga, huku moto umefunikwa na maziwa na gesi inanuka, akimtazama Madam na kuuliza, "Imetosha?" Na Madam, ambaye kwa sheria yake mwenyewe hakuruhusiwa kujibu, aliandika kwenye daftari. Mara ya tatu nilimpata Njoroge kitandani amejifunika blanketi kichwani. "Wambui," akasema, "mimi naijua chai. Nimepika chai tangu nikiwa mtoto. Mbona hawaniambii imetosha?" Nilimvua viatu nikakaa pale.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nakunja shuka kwenye chumba cha kufulia. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba. Nikamsikia matroni akisema, "Huyu wa Molo tumekaa naye karibu mwaka. Mimi naona apelekwe nyuma." Madam Nekesa akasema, "Nipe Ijumaa moja tu. Akianguka tena, basi." Nilisimama na shuka mkononi, kichwa changu kikiwa kitupu kabisa. Barua ya chuo ilisema niripoti baada ya wiki tatu. Ningeweza kusema leo kwamba nilimfikiria Njoroge tu, lakini nimeahidi kutojidanganya katika ukurasa huu. Niliona mlango ule usio na rangi, na niliona maisha yangu yakiisha mbele yake, nikiwa Peter na Alice mpaka nizeeke. Nilitaka kaka yangu atoke pale, na nilitaka mimi nitoke.

Kilichofuata kilianza bila mpango. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa mbele ya dirisha la jikoni. Siku moja Njoroge alikuwa akifanya mazoezi ya chai na mimi naanika nje. Akanitazama kwa dirisha, kwa yale macho yake ya kuuliza, na wakati huohuo nikamaliza nguo ya mwisho, nikaliinua beseni la manjano nikaliweka kiunoni niende zangu. Njoroge akazima gesi. Hivyo tu, kama mtu mzima yeyote. Aliona kazi yangu imeisha na yeye akaimaliza yake. Mimi nikarudisha beseni chini, nikajua nimepata mlango.

Tulifanya mazoezi siku zote zilizobaki. Nilimwambia taratibu, tena na tena, maana jambo lilimwingia polepole lakini likiingia halikutoka. Nikikung'uta shati, weka majani. Nikianika taulo, weka sukari. "Na usizime mpaka uone nimechukua beseni. Umesikia Njoro? Usitoke hapo, usifanye kitu kingine. Angalia beseni." Akasema, "Nangoja beseni." Nikasema, "Ndiyo, beseni ndiyo imetosha." Akafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Tangu aanguke kutoka lile lori, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mtu chini wa kumwambia mzigo umefika.

Ijumaa ile mama alikuja kutoka Molo na kuku kwenye kikapu. Nilianika nguo zangu zote, na nyingine zilikuwa safi, nilizilowesha tu. Njoroge aliwasha gesi. Nikakung'uta shati. Nikaanika taulo. Chai ikapanda, ikafika kwenye mdomo wa sufuria, nikainua beseni, akazima. Kupitia dirishani nilimwona Madam Nekesa ameinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamtazama Njoroge, kisha akatazama nje, akanitazama mimi na beseni langu kiunoni. Nikageuka nikaondoka haraka. Chai ililetwa uani kwenye vikombe vinne, mama akanywa chake chote bila kukiweka chini, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kikombe. "Kijana yangu," akasema, "kijana yangu amepika." Njoroge alikuwa anacheka. Mwalimu alitoka akaita majina, na siku hiyo niliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tukarudi Molo. Madam alimwambia mama kwamba Njoroge anaweza kuachwa na moto, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyosema. Nilikaa nao wiki moja nikamwona akipika mara kadhaa, nami kila mara nilikuwa uani na nguo. Nilijiambia kwamba atazoea. Nilijiambia mama atakuwepo. Kisha nikapanga vitu vyangu vya orodha, ndoo, blanketi, shuka mbili, beseni, nikaenda chuoni. Nakumbuka usingizi nilioupata usiku wa kwanza. Sijapata mwingine kama huo.

Wiki ya tatu niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Mama alikuwa amekufa. Molo ilikuwa na baridi kali siku hiyo, na mama aliamka na homa na maumivu ya mifupa, akalala tena. Alasiri Njoroge akampikia chai kwenye jiko la makaa mpaka mama akamwita ailete, akampelekea kitandani. Mama alikunywa nusu. Sote tunajua alivyotulea, wakati wa baridi alikuwa akiingiza jiko la makaa chumbani, anakaa nalo, mlango wazi kidogo, halafu analitoa kabla mtu hajasinzia, kwa kuwa hewa ya makaa huua bila kelele. Njoroge aliliingiza jiko, akamfunika mama vizuri, akafunga dirisha na mlango ili baridi isiingie, akatoka. Alikumbuka kila kitu isipokuwa kulitoa jiko. Kwa mazishi watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mjomba alisema ni mapenzi ya Njoroge, akamfungia kwenye stoo ya mabati, na huko kaka yangu alikaa miaka miwili, mpaka nilipomaliza masomo nikamchukua. Mwaka mzima wa kwanza aliwauliza watu kama mama ameamka. Mimi sikumwambia mtu yeyote kuhusu beseni. Wakati wa mazishi nilinyamaza, na ukishanyamaza siku kama hiyo, kila siku inayofuata inakuwa ngumu zaidi.

Ndiyo maana mwezi uliopita, katika jiko lile la mbao, chai ilipoanza kuchemka, nilijua Madam Nekesa amekuja kusema nini. Alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. "Wambui, mimi nilikuona," akasema. "Ile Ijumaa. Nilikuona na nguo."

"Najua uliniona."

"Nilijua unafanya nini. Sio mara moja nimeona watu wakisaidia kwa dirisha."

Nilidhani nikisikia maneno hayo nitapumua. Badala yake hasira ilinipanda, mpaka ikabidi niweke sufuria chini. "Na mbona ulimpitisha? Wewe ndio ulikuwa na daftari. Mimi nilikuwa mtoto, Madam. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja!"

Hakujitetea. "Nilikuwa nimechoka kupeleka watu huko nyuma," akasema. "Nikaangalia mama yako na ile kuku yake. Nikasema, mama atakuwa hapo, atamwangalia. Niliandika amepita. Niliposikia, niliacha hiyo kazi mwisho wa mwezi. Sijawahi kumpima mtu tena." Kisha akalia, kwa namna watu wazee wanavyolia, bila sauti. Nilimtazama na sikumwonea huruma, na sikujionea huruma mimi. Nilikuwa natafuta ndani yangu mahali pa kumsamehe, na sikupapata, labda kwa sababu ningempa yeye ningelazimika kujipa na mimi.

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, wala padri, wala marehemu mume wangu, aliyeshangaa miaka yote kwa nini nyumbani kwangu nguo huanikwa nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna dirisha. Jirani yetu Mama Chelimo ndiye aliyemkuta Njoroge siku ile mama alipokufa. Aliniambia baada ya mazishi, tukiosha vyombo, akidhani ananieleza tu jinsi kichwa cha kaka yangu kilivyoharibika. Alikuwa anapita na maziwa, akamwona amesimama kwenye mlango wa jiko hili, mvua inamnyeshea, uso umeelekea uani, na hakuonekana kama mtu aliyepotea. Alionekana kama mtu aliye kazini.

"Nikamuuliza, Njoroge, unafanya nini hapo kwa mvua?" Mama Chelimo aliniambia. "Akasema, nimeingizia mama jiko. Nikamuuliza, na mbona husongi ndani? Akaniambia, bado. Nangoja Wambui achukue beseni."

Ndipo Mama Chelimo akaenda kumwamsha mama, akachelewa. Njoroge hakusogea hata aliposikia mayowe. Nilikuwa nimemwambia asitoke hapo, asifanye kitu kingine, aangalie beseni, na yeye alitazama waya ambao haukuwa na nguo hata moja. Beseni lilikuwa chuoni, chini ya kitanda changu.